Kwa nini tunachagua udaktari? Wana Nyanda za Juu Kusini, tuambiane ukweli

Mwana wa Rungwe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. Mimi ni daktari katika hospitali ya halmashauri moja huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kwa ukoo wetu na majirani, mimi ndiye wa kuulizwa. Shangazi anapiga: "Mwanangu, kijana kapata div one ya PCB, tumpeleke udaktari, sivyo?" (PCB ni fizikia, kemia na baiolojia.) Mwalimu mstaafu wa kijijini anapiga. Hata mama mmoja muuza viazi pale Mwanjelwa, mteja wake wa siku nyingi mimi, alinipa simu yake niongee na binti yake papo hapo sokoni, viazi vikiwa bado kwenye ndoo.

Kijana mwenyewe nikimuuliza kwa nini anataka udaktari, jibu ni lile lile: "Nataka kusaidia watu."

Sina ugomvi na jibu hilo. Ninachoona ni kwamba linatoka mapema mno, swali halijaisha. Ukikaa naye kidogo, mzazi akiwa ametoka nje, ndipo ya moyoni yanakuja. Mmoja baba yake aliugua kisukari hadi akakatwa mguu. Mwingine ni mtoto wa kwanza, wadogo zake wapo nyuma, anataka kazi yenye mshahara wa uhakika. Mwingine anapenda baiolojia kwelikweli, anaweza kukueleza figo inavyochuja damu huku macho yanang'aa. Na wapo wengi, naomba tusifichane, ambao hawajachagua chochote. Kidato cha nne walifaulu kemia na baiolojia wakapangiwa PCB, kidato cha sita wakapata daraja la kwanza, ukoo mzima ukaona kwenda kusoma kitu kingine ni kutupa alama. Hapo kilichochagua ni alama.

Hoja yangu ni hii. Sababu hizi zote hazina aibu. Kutaka mshahara si dhambi kwa mtu aliyekulia nyumba ya matope Masoko au Kiwira. Kutaka heshima si dhambi. Ubaya unaanza pale tunapomfundisha kijana kuificha sababu yake chini ya jibu moja zuri, kwa sababu akiificha hawezi kushauriwa. Anayetaka mshahara mapema angeambiwa wazi kwamba udaktari wa digrii ni miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, kisha foleni ya ajira ambayo siku hizi waombaji ni wengi kuliko nafasi. Anayependa kujua ugonjwa umesababishwa na nini angeonyeshwa maabara na utafiti. Anayetaka kukaa karibu na wagonjwa angeambiwa kuhusu uuguzi, maana kwa saa nyingi za siku muuguzi ndiye aliye pale kitandani, daktari anapita raundi na kuondoka. Lakini wote wamesema "kusaidia watu", basi wote tunawasukumia mlango mmoja.

Matokeo yake nayaona wodini. Watarajali wanakuja kwetu na vyeti vizuri sana. Ukimwambia amsikilize mtoto aliye tumboni kwa fetoskopu, ile pembe ndogo unayoiweka kwenye tumbo la mama na kuegemeza sikio, anaweka, anahesabu sekunde chache, anaandika 140, anaondoka. Mwingine anainama, anatulia, anashika saa, anahesabu dakika nzima na kusubiri uchungu upite ili asikie mapigo yanavyorudi. Wote wanajua kwamba mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, mtihani walifaulu. Huyu wa pili anataka kujua mtoto anaendeleaje. Na si lazima huyu wa pili awe ndiye aliyesema anapenda kusaidia watu. Mmoja ninayemkumbuka aliniambia wazi kwamba alikuja kwa ajili ya mshahara, lakini hawezi kuvumilia kufanya kazi nusunusu. Mtu huyo ningemkabidhi mdogo wangu wa kike usiku wa manane bila wasiwasi.

Nami nitaje za kwangu. Ya kwanza, nilikuwa kaka mkubwa, na mama alikuwa akibeba ndizi kwenda sokoni Tukuyu. Nilitaka aache. Ya pili, napenda kutafuta chanzo. Mgonjwa akija na homa isiyoeleweka, mimi usingizi unaisha. Kusaidia watu kulikuja baadaye, nikiwa tayari ndani, na leo kumekuwa kukubwa kuliko zile mbili.

Sasa wewe uliye kwenye afya, au unayetaka kuingia, au mzazi unayelipa ada: sababu ni ipi hasa? Karibuni.

---

Nesi wa Makete

Kaka, nimesoma mara mbili. Naomba nichangie kama mtoto wa Makete.

Mimi nililelewa na bibi. Wanaoijua Makete ya wakati ule hawatauliza kwa nini. Kila nyumba ya pili kijijini kwetu ilikuwa ya bibi na wajukuu, au ya watoto peke yao, mkubwa ana miaka kumi na mitatu anapika na kulima. Vijana walikwenda kutafuta maisha mjini, wakarudi wanakohoa. Hata leo Mkoa wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8, na ule wa 2022–23 ukakuta 12.7. Hizo ni namba. Mimi naona majina.

Kulikuwa na muuguzi mmoja wa misheni, mama wa makamo, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu kwenye baridi ya kwetu, mnaijua, ile ya mwezi wa sita ambapo maji ya ndoo yanaganda asubuhi. Alikuja kumwosha mama mdogo wangu vidonda. Hakuwa na dawa ya kumponya, na yeye alijua, na mama mdogo alijua. Alikuwa anamgeuza taratibu, anamtandikia shuka, anamsugua mgongo kwa mafuta, kisha anaketi na bibi jikoni wanazungumza habari za mahindi. Basi. Mama mdogo alifariki.

Kisha mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure, zikatufikia hadi huku juu. Jirani yetu mmoja alikuwa amekwishabebwa kwenye machela, watu wamekwishaanza kuulizana kuhusu jeneza. Akaanzishiwa dawa. Baada ya miezi kadhaa nikamwona shambani anapalilia viazi. Mimi mtoto wa shule nilisimama barabarani nikamwangalia mpaka akaniuliza, "Unaniangalia nini wewe?"

Ndiyo sababu yangu. Kwa hiyo kaka, mtu akisema "nataka kusaidia watu", usimwone kwamba anaficha kitu. Mimi mtu angeniuliza nikiwa na miaka kumi na saba ningejibu hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo, maana habari za mama mdogo nisingeweza kumwambia mgeni. Jibu fupi wakati mwingine lina kaburi ndani yake. Muulize taratibu.

Na uuguzi nilichagua mwenyewe. Nilikuwa na alama za kuendelea, watu wakasema napoteza bahati. Sikumwona daktari nyumbani kwetu. Niliyemwona ni muuguzi.

---

Mwana wa Rungwe (mleta uzi)

Dada, ndaga fijo, asante sana. Hilo la kumuuliza taratibu nimelipokea kwa mikono miwili. Ndiyo maana nataka aulizwe, tusiishie kwenye jibu la kwanza tukamjazia fomu.

---

Baba Parachichi

Daktari, salamu kutoka Tukuyu. Mimi ni mzazi, mkulima, na naona hapa wazazi tunasemwa, basi niseme.

Ni kweli namsukuma mwanangu wa kiume aende udaktari, na sababu zangu nitazitaja bila kupepesa. Mwaka mmoja mke wangu alipata uchungu usiku wa mvua. Zahanati yetu haina upasuaji. Tulitafuta gari, tukampeleka hospitali ya wilaya, pale wakasema apelekwe Mbeya, hospitali ya wazazi ya Meta. Barabara unaijua, kona na ukungu. Nilikuwa nimekaa nyuma nimeshika chupa ya maji ya mshipani kwa mkono kwa sababu pa kuitundika hapakuwepo. Tulifika salama, mama na mtoto wazima, Mungu ni mwema. Lakini njia nzima mimi sikujua kinachoendelea. Watu wa koti jeupe wanaongea wao kwa wao, mimi natazama midomo. Nilisema kimoyomoyo, nyumba hii lazima iwe na mtu mmoja anayeelewa lugha hii.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili, nimepanda parachichi na chai, najua bei inavyopanda na kushuka. Nataka mtoto mmoja awe na kitu ambacho mvua haikigusi. Nikiuza nikapata, nalipa ada, ya chuo binafsi ikibidi, ambayo ni mamilioni kwa mwaka. Sasa mkisema tusiwasukume watoto, nani atawasukuma? Mtoto wa miaka kumi na minane anajua nini? Ukimwacha anachagua kile rafiki zake wamechagua.

Siandiki kwa hasira, naandika kwa sababu jambo hili linaniuma.

---

Tabibu wa Usangu

Baba Parachichi, shikamoo. Maneno yako yana uzito, mzazi anayebeba chupa ya dripu kwa mkono kona zote zile ana haki ya kusema.

Mimi ni tabibu, kituo cha afya kimoja Mbarali, tambarare za mpunga. Naongeza upande ambao huwa hauzungumzwi, nao ni upande wa pesa.

Sikwenda kidato cha tano. Nilifaulu kidato cha nne, nikiwa na kemia, baiolojia na fizikia, lakini nyumbani baba alikuwa amefariki na ng'ombe wameuzwa. Diploma ya utabibu ni miaka 3. Nilipiga hesabu: miaka 3 nimeanza kazi, au miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 5 ya chuo, 1 ya utarajali, jumla 8, wakati wadogo zangu wanakula nini? Niliingia utabibu kwa hesabu hiyo na si kwa kingine. Chuoni nikaona vijana wengi wamekuja hivyo hivyo. Wapo na waliokosa alama za kidato cha sita wakashuka kuja diploma, hao walikuwa na huzuni mwaka wote wa kwanza, wanajiona wameanguka.

Sasa nisikilizeni. Huku vijijini mtu wa kwanza kumwona mgonjwa ni mimi au muuguzi. Mtoto ana degedege la malaria saa nane usiku, baba yake amemleta kwenye pikipiki kutoka kitongoji cha wafugaji. Daktari bingwa yuko Mbeya mjini. Nikichelewa kumpa dawa ya sindano, hakuna wa kurekebisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi hii naipenda, si siku ya kujaza fomu, ni siku hizo za usiku. Mtoto akiamka asubuhi anaomba uji, nakwenda kulala na moyo mweupe.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba sababu zisemwe, lakini naongeza: sababu ya kuingia na sababu ya kubaki zinaweza kuwa watu wawili wasiojuana. Na mlango wa digrii haufungwi, tabibu mwenye ufaulu mzuri wa diploma anaruhusiwa kuomba udaktari. Wenzangu kadhaa wamekwenda, wengine wako hapo chuo cha afya cha UDSM Mbeya, na wodini wanang'ara sana kwa sababu mgonjwa kwao si kitu kigeni.

---

Mzee wa Wanging'ombe

Kamwene, wanangu. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Nimestaafu zamani. Nilianza kazi ya uganga wa zahanati miaka ya 1970. Nyinyi mnaulizana mlichagua vipi. Sisi wengi hatukuchagua, tulichaguliwa, na sikuona ubaya wake. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali iliamua nguvu ya afya iende vijijini, zahanati zikajengwa, zikahitaji watu. Kijiji kilikaa mkutano, wakasema: huyu kijana anajua kusoma, hanywi pombe, ana subira na wazee, aende. Nikapelekwa. Niliporudi kila mtu alijua mimi ni wao, kwa sababu wao ndio walionituma. Usiku wakigonga mlango huwezi kusema umechoka. Utamwambia nani? Ni wale waliokupandisha gari.

Kipindupindu kilipokuja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, tuliwalaza wagonjwa kwenye majani ya migomba, tukawapa maji yenye chumvi na sukari kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, usiku kucha. Mtu anapoteza maji kwa ndoo, nawe unamrudishia kwa kikombe. Wake wa kijiji walichemsha maji kwa zamu. Hapo hakukuwa na mtu wa kumuuliza mwenzake kwa nini uko hapa.

Baadaye nilirudi shule miaka miwili nikawa daktari msaidizi, nikafundishwa upasuaji. Akina mama wengi wa wilaya zetu walijifungua kwa visu vya madaktari wasaidizi, vijana wa leo hawajui. Mafunzo yale yamesitishwa siku hizi, wanataka digrii, sawa, elimu ni nzuri.

Mnachokosa nyinyi, naona, ni kutumwa. Kijana anasoma kwa alama zake, anaajiriwa kwa usaili, anapangiwa wilaya asiyoijua, watu hawamjui naye hawajui. Halafu mnashangaa anaomba uhamisho. Mngemwuliza pia: nani anakutuma? Baba wa parachichi, wewe unamtuma mwanao, ni vizuri. Lakini umtume kwa watu, usimtume kwa koti.

---

Mwana wa Rungwe (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo sana. Nimeisoma nikiwa zamu, nikawasomea na wauguzi, wamenyamaza wote.

Baba Parachichi, naomba nikujibu kwa heshima. Sababu yako ya kutaka mtu mmoja nyumbani anayeelewa ni sababu nzito kuliko nyingi nilizosikia. Je, mwanao anaijua? Umewahi kumsimulia usiku ule, chupa mkononi? Wazazi wengi wanawaambia watoto "udaktari ni kazi nzuri", wanawaficha kisa chenyewe. Msimulie. Akishaijua, mwache akujibu kwa kinywa chake. Akisema ndiyo baada ya kusikia kisa, hata wiki ya sapu, mitihani ya marudio, chuoni atakuwa na pa kushika. Akisema hapana, bado una nafasi: familia inaweza kupata mtu anayeelewa kwa njia ya muuguzi, mfamasia au tabibu. Chuo cha udaktari ni kigumu, vijana wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, na aliyepelekwa kwa nguvu huanguka mapema kwa sababu asubuhi hana kinachomwamsha.

---

Namba na Vijidudu

Nami nichangie kidogo. Nimesoma udaktari hadi mwisho, nikafanya utarajali, leseni ninayo. Niko kwenye utafiti wa kifua kikuu hapa Mbeya. Ndugu zangu bado wanauliza nitarudi lini "kutibu".

Niliingia kwa sababu ya baiolojia tu. Wodini nilikuwa nafanya kazi yangu sawasawa, ila kilichokuwa kinanibakiza hadi usiku ni swali la kwa nini wagonjwa wawili wenye dawa zile zile, mmoja anapona na mwingine ugonjwa unarudi. Ukiwa na swali la namna hiyo, wodi peke yake haikutoshi. Mbeya ina bahati ya kuwa na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinachofanya tafiti za VVU na kifua kikuu, watu hawajui kwamba hii nayo ni kazi ya daktari. Kijana anayependa "kwa nini" kuliko "pole", aambiwe kwamba ana pa kwenda. Si mtu mbaya. Makohozi ya mgonjwa mmoja anayoyachunguza leo yanaweza kubadilisha dawa za watu asiowahi kuwaona.

---

Binti PCB Iringa

Shikamooni wote. Mimi niko kidato cha sita Iringa. Nimejiunga jukwaani kwa sababu ya uzi huu. Naomba mnisamehe kama nitakosea.

Mleta uzi amesema tuseme ukweli. Sababu yangu naona haya kuisema hata kwa rafiki yangu wa bwenini.

Kwetu ni kijijini, Kilolo. Mambo ya nyumbani yanaamuliwa na baba na baba wakubwa. Mama akiongea kwenye kikao, wanaendelea kuongea kama hajasema. Hata bibi, na umri wake wote. Nilipokuwa darasa la sita babu aliugua, wakamleta daktari wa kike, kijana tu, alikuwa na ndugu yake kijiji cha jirani. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha baba mkubwa bila kujua ni cha nani. Akampima babu presha, akauliza maswali, akasema, "Huyu anakwenda hospitali leo, si kesho." Baba mkubwa akaanza kusema habari za mganga mmoja wa ng'ambo ya mto, yule dada akamwambia kwa adabu kabisa, "Baba, naomba gari kwanza." Na baba mkubwa akainuka akaenda kutafuta gari.

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Sijawahi kuona baba mkubwa anainuka kwa neno la mwanamke. Tangu siku ile nataka udaktari. Kwa hiyo sababu yangu si kusaidia watu. Ni kwamba nataka nikisema kitu, nisikilizwe. Je, hiyo ni sababu mbaya? Na je, itanitosha kwa miaka yote hiyo?

Na swali lingine: nikiona damu nyingi nasikia kizunguzungu. Ni dalili kwamba siwezi?

---

Mwana wa Rungwe (mleta uzi)

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika.

Si sababu mbaya. Iangalie tena hiyo picha yako. Yule dada alisikilizwa kwa sababu alikuwa amemwangalia babu kabla ya kufungua mdomo. Alimpima, akauliza, ndipo akasema leo, si kesho. Ukitaka kusikilizwa kwa namna ile, itabidi ujifunze kuangalia kwa namna ile, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sababu yako inakupeleka kwenye kazi, haikupeleki pembeni yake. Inayonitia shaka ni ya mtu anayetaka kuitwa daktari basi.

Nikuambie na ya upande wa pili ili usije ukashangaa. Ndani ya hospitali nako kuna viti vya baba wakubwa. Utakuwa mtarajali, utasema kitu sahihi, na hutasikilizwa kwa sababu wewe ni mdogo, na wakati mwingine kwa sababu wewe ni wa kike. Mgonjwa atakuita "nesi" na kumuuliza mvulana aliye nyuma yako. Walio ngazi za juu wamelipita hilo. Usifike na tumaini kwamba koti litakumalizia kazi.

Itakutosha? Tabibu wa Usangu amekujibu vizuri kuliko nitakavyojibu mimi, soma tena alichoandika.

Sasa ya kufanya. Likizo ijayo nenda kituo cha afya kilicho karibu na kwenu, muone mganga mfawidhi, umweleze wewe ni mwanafunzi unataka kuona kazi. Vaa viatu vya kufunika, usiguse kitu bila kuambiwa, usitoe habari ya mgonjwa nje. Kaa siku ya kliniki ya wajawazito na watoto, kisha omba kukaa mapokezi ya wagonjwa wa nje hadi jioni. Angalia kitu kimoja: saa tisa alasiri, umechoka, mama wa mwisho kwenye benchi anaanza kueleza maumivu yake kuanzia mwaka juzi. Je, bado unataka kujua anaumwa nini? Andika jibu lako kwenye daftari, usimwonyeshe mtu.

Matokeo yakitoka, pata mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huo, usitegemee wa mwaka jana, vigezo hubadilika. Usijaze chuo kimoja tu. Angalia Mbeya, Muhimbili, Dodoma, KCMC, Bugando, Ifakara, kulingana na alama zako. Mkopo omba mapema, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi, kama vipo, vihakikiwe mapema, hapo ndipo wengi wa vijijini wanakwama.

La damu namwachia dada wa Makete, yeye ameshika wengi waliozimia kuliko mimi.

---

Baba Parachichi

Daktari, nimekuelewa. Kisa sijawahi kumsimulia. Anakuja Jumamosi.

Binti wa Iringa, mwanangu, wasalimie nyumbani. Soma.

---

Nesi wa Makete

Mdogo wangu, kizunguzungu cha damu si dalili ya chochote. Nimeshika wanafunzi wa udaktari wakubwa wakubwa wanateleza ukutani chumba cha kujifungulia, na leo ni wapasuaji. Mwili unazoea. Siku ya kwanza kula asubuhi, kunywa maji, usisimame na magoti yamekaza, chezesha vidole vya miguu ndani ya viatu. Ukianza kusikia joto masikioni na macho yanakuwa na giza, usijikaze kishujaa, sema "naomba nikae" na ukae chini pale pale, hata sakafuni. Aliyekaa haanguki, na hakuna mtu wa afya atakayekucheka. Ukiona baada ya muda mrefu bado, wapo madaktari wa macho, wa ngozi, wa magonjwa ya akili, wa picha za eksirei, ambao damu hawaioni mara nyingi.

Ukipita Makete likizo, nijulishe hapa jukwaani. Tuna kliniki ya wajawazito asubuhi, nitakuombea kwa mfawidhi wetu ukae nami mezani uone. Njoo na sweta mbili.